Kipakatalishi kinavuma kwenye iafoni? Usikimbilie kununua nyingine

SAA saba za usiku, Roysambu. Ploti nzima imelala. Mimi niko macho, iafoni masikioni, narudia sekunde zilezile nne kwa mara ya kumi na moja. Mzungumzaji anataja idadi ya wagonjwa. Ni 15 au ni 50? Kwa Kiingereza tarakimu hizo mbili zinatofautiana kwa mwisho wa neno tu, na mwisho huo umemezwa na mvumo kama wa nyuki aliyefungiwa kwenye chupa.

Nikaandika 15. Kesho yake kazi ikarudishwa. Ilikuwa 50. Tena kuna mahali mhojiwa alisema “disagree” mimi nikaandika “agree”. Yaani mtu amekataa, mimi nimemkubalisha. Ujumbe uliokuja pamoja na kazi hiyo ulikuwa mfupi: kosa jingine la namna hii na akaunti yako itafungwa.

Kama unafanya hasla ya unukuzi, ile ya kusikiliza rekodi na kuandika kila neno, unajua maana yake. Kodi ya nyumba ilikuwa inategemea akaunti hiyo.

Sasa, kosa langu la kwanza halikuwa kwenye maandishi. Lilikuwa kwenye mfuko. Kwa wiki tatu nilikuwa nimenunua iafoni mbili mpya, moja ya soo tatu na nyingine ya thao moja na ushee, nikiamini tatizo ni iafoni. Zote zilivuma. Ile ya bei ghali ilivuma vizuri zaidi, maana ilikuwa inasikika wazi.

Swali la kwanza la fundi

Nilibeba kipakatalishi hadi Luthuli Avenue, kwa fundi mmoja mwenye meza ndogo kwenye ngazi za jengo. Nilitarajia atoe bisibisi. Hakutoa.

“Kijana, ukichomoa chaja, kelele inaendelea?” akauliza.

Nikanyamaza. Sikuwa nimewahi kujaribu. Betri yangu hukaa dakika 40 hivi, kwa hivyo chaja huishi ndani saa zote.

“Na iafoni ukiziweka kwa simu?”

“Kwa simu ziko sawa, fundi.”

“Basi umetupa pesa. Iafoni hazina makosa.”

Akachomeka chaja yangu kwenye soketi yake ya ukutani, akavaa iafoni, akasikiliza. Kimya. Akaichomeka kwenye ekstensheni ya zamani iliyokuwa chini ya meza. Akanipa iafoni nisikilize. Nyuki alikuwa amerudi. Kisha akaniambia niguse msumari mdogo wa chuma ulio chini ya kipakatalishi. Nilipougusa mvumo ukabadilika, ukapungua.

“Umewahi kusikia mashine ikikutekenya vidole ikiwa kwa chaja?”

Nimesikia mara nyingi. Nilidhani ni joto.

Waya wa tatu

Maelezo yake yalikuwa haya. Umeme wa Kenya ni volti 240, mizunguko 50 kwa sekunde. Chaja huukatakata umeme huo kwa kasi kubwa ili iushushe hadi volti 19 au 20 ambazo kompyuta inataka. Katika kukatakata huko, mabaki madogo ya umeme huvuja kupitia vipuri vilivyowekwa makusudi ndani ya chaja kuzuia usumbufu wa mawimbi. Mabaki hayo yanatakiwa kwenda ardhini kupitia waya wa tatu, ule wa kijani na manjano, unaofungwa kwenye ile pini ndefu ya juu ya plagi.

Waya huo usipokuwepo, mabaki hayana pa kwenda. Yanakaa kwenye bodi ya kompyuta. Ukigusa chuma, unatekenywa. Ukivaa iafoni, unayasikia.

Angalia mkia wa chaja yako, pale unapoingia kwenye lile tofali jeusi. Kama una matundu matatu yaliyopangwa kama uso wenye masikio mawili, chaja hiyo inahitaji waya wa ardhi. Kama ni matundu mawili, umbo la nambari nane, haina na haikukusudiwa kuwa nao. Chaja za namna hiyo huweza kuvuma hata kwenye soketi nzuri.

Yangu ilikuwa ya matundu matatu. Niliporudi keja nikazima umeme, nikachomoa ekstensheni na kufungua plagi yake. Ndani mlikuwa na nyaya mbili tu! Pini ya juu ilikuwa imesimama pale kama askari wa sanamu, haijafungwa kitu. Ekstensheni ina mashimo matatu kwa nje, nyaya mbili kwa ndani. Nilikuwa nimeitumia miaka miwili.

Nikanunua nyingine yenye nyaya tatu. Mvumo ukaisha usiku huohuo. Nilikuwa na bahati kwamba ukuta wa ploti yetu una waya wa ardhi. Si kila ploti inao, na hilo si jambo la kurekebisha mwenyewe. Mwambie keateka alete fundi wa umeme, maana waya huo haukuwekwa kwa sababu ya muziki. Umewekwa ili siku chuma cha kifaa kikishika umeme, usife wewe.

Ndiyo maana ukimsikia mtu akikushauri ukate pini ya juu au uifunge kwa selotepu ili kelele iishe, usimsikilize. Kuna hali ambapo kelele itaisha kweli, hasa ukiwa umeunganisha kompyuta na hufa au amplifaya na vyote viwili vina waya wa ardhi, vikizungushiana umeme kupitia kebo ya sauti. Dawa ya hali hiyo ni kuchomeka vyote kwenye ekstensheni moja, au kununua kile kifaa kidogo cha kutenganisha ardhi kinachowekwa kwenye kebo ya sauti. Pini iache.

Silabi iliyopotea

Lakini “disagree” ilikuwa imekuwaje “agree”? Mvumo ulikuwa umeondoka, ila nilipoisikiliza rekodi ile tena bado nilisikia “agree”.

Kazi ya unukuzi ni kusimamisha na kuanzisha. Unasikia maneno sita, unasimamisha, unaandika, unaanzisha. Nikaanza kutega sikio. Kila nilipoanzisha baada ya kuandika kwa muda, kulikuwa na mlio mdogo, “tik”, halafu sauti ikaja ikiwa tayari imeanza. Kipande cha mwanzo hakikuwepo. Nikairudisha rekodi nyuma sekunde tano na kuiacha itiririke. “Disagree,” akasema yule mtu, waziwazi kabisa.

Huyu hakuwa nyuki. Ni kompyuta iliyokuwa inalala. Ili kuokoa betri, kipuri cha sauti huzimwa kikikaa kimya kwa sekunde chache. Sauti ikija, kinaamshwa, na ile “tik” ndiyo mlio wa kuamka. Kwa mtu anayesikiliza ngoma haina neno. Kwa mtu anayesikiliza ushahidi, inaweza kugeuza maana.

Kipakatalishi changu kinatumia Linux. Kwa wenzangu wa huko, moduli ya sauti kwenye mashine nyingi huitwa snd_hda_intel, na kipimo chake cha power_save kikiwekwa 0, usingizi huo unakoma. Kama umeweka programu ya kuokoa betri kama TLP, angalia pia mpangilio wake wa sauti, la sivyo itakurudisha palepale. Kwa wa Windows, fungua mipangilio ya programu ya sauti iliyokuja na mashine utafute sehemu ya kuokoa umeme. Usipoipata, jizoeshe kurudi nyuma sekunde mbili kila unapoanzisha. Programu nyingi za unukuzi zinaweza kufanya hivyo zenyewe ukiziwekea.

Jipimie mwenyewe kabla ya kutoa doo

Tangu siku hiyo marafiki huniletea mashine zao. Huwa nafuata mpangilio wa yule fundi, na hauchukui dakika kumi.

Kwanza, peleka iafoni kwenye simu. Zikivuma na huko, tatizo ni iafoni au waya wake. Zikiwa safi, ziache, pesa zako zibaki mfukoni.

Pili, chomoa chaja. Kelele ikiondoka, fuatilia chaja, ekstensheni na soketi. Azima chaja nyingine ya volti zilezile kabla ya kulaumu mashine.

Tatu, usicheze chochote, kisha panda na ushuke na sauti. Kelele ikipanda na kushuka pamoja nayo, mara nyingi inaingizwa na kitu ndani ya mpangilio, na mshukiwa mkuu ni maikrofoni. Fungua viwango vya sauti, uzime maikrofoni isisikike kwenye iafoni, na ushushe ile nyongeza ya “Microphone Boost” hadi chini. Zima pia zile nakshi za sauti zinazodai kukupa besi ya kilabu.

Kelele isipobadilika hata ukishusha sauti hadi mwisho, inatoka baada ya kidhibiti, kwenye amplifaya ndogo ya mashine yenyewe. Huo ni mchirizo kama wa mvua ya mbali, na kila amplifaya inao. Iafoni nyepesi kuitikia, hasa zile ndogo za kuingiza ndani kabisa ya sikio, huuonyesha zaidi kuliko hedfoni kubwa. Iafoni yenye kigurudumu cha sauti kwenye waya husaidia: unapandisha sauti ya kompyuta, unapunguza kwa kigurudumu, na mchirizo unapungua pamoja.

Nne, sogeza kipanya au teremsha ukurasa mrefu. Kelele ikicheza pamoja na mkono wako, ni umeme wa bodi unaovuja kuingia kwenye njia ya sauti. Hapo hakuna mpangilio utakaokuokoa.

Tano, tikisa plagi ya iafoni taratibu. Ikikwaruza, tundu lina vumbi au limelegea. Kuna dalili moja ya kuchekesha hapa: muziki unasikika lakini mwimbaji ametoweka. Si rekodi mbovu. Plagi haijaingia yote au waya wa pamoja umekatika, na kinachobaki ni tofauti tu kati ya sikio la kushoto na la kulia. Kwa kuwa sauti ya mwimbaji huwekwa sawa pande zote mbili, inajifuta.

Sita, sikiliza kama kelele ni mipasuko inayokuja mashine ikilemewa, kwa mfano video ikiwa inapakuliwa huku kivinjari kina tabo thelathini. Hiyo si ya umeme. Ni kompyuta kuchelewa kufikisha sauti kwa wakati. Funga tabo, sasisha draiva za sauti na za Wi-Fi, uanzishe upya. Ukiweza, washa mashine kwa Linux iliyo kwenye flashi. Kelele ikikosekana huko, basi vipuri ni vizima na kosa ni la programu.

Lini ukubali yaishe

Bodi ikiwa ndiyo inayovuja, kuna njia ya mkato ambayo ningependa ningeijua kabla ya kununua ile iafoni ya pili. Ni kadi ndogo ya sauti ya USB, yenye ukubwa wa kidole gumba na tundu la iafoni mwishoni. Inabeba kibadilisha sauti chake yenyewe, hivyo kazi nyeti inafanyika nje ya bodi yenye kelele. Yangu niliipata kwa soo nne, na huwa naibeba kwenye begi kwa siku ninayofanyia kazi kwa rafiki ambaye soketi zake sizijui. Haiponyi kila kitu. Chaja ikiwa haina waya wa ardhi, kelele inaweza kupita hata kwenye USB. Ndiyo maana swali la chaja huja kwanza.

Iafoni za Bluetooth nazo huukwepa mvumo wa umeme kabisa, ila zina mtego wao. Programu ikifungua maikrofoni yake, sauti hushuka ghafla na kuwa kama ya simu. Kwenye mkutano, tumia maikrofoni ya kompyuta na uziache iafoni zisikilize tu.

Yule fundi hakufungua hata skrubu moja. Nilipomuuliza ni pesa ngapi, akaniambia nimpe ya chai. Nikampa mia mbili, na sijawahi kutumia mia mbili vizuri hivyo.

Akaunti haikufungwa. Alama zangu zilishuka, na kwa miezi miwili nilipewa rekodi fupifupi zenye malipo madogo, za watu wanaoongea wakila. Nilizikubali zote. Juzi wamenirudishia mahojiano marefu. Kabla sijaanza nilivaa iafoni, nikaacha rekodi bila kuicheza, nikasikiliza dakika nzima. Kimya. Nikaanza kuandika.