Stelingi akifungwa pingu, mwanao anaelewa nini?

Ni saa 3 kasoro usiku, mwezi wa saba, jijini Mbeya. Baridi imewarudisha watu ndani mapema, ugali umeshaliwa, na familia imejikunja mbele ya televisheni, kila mtu na shuka lake. Kwenye kioo yuko mpelelezi ambaye kwa vipindi kadhaa amekuwa akikataa bahasha za matajiri. Leo wakubwa wake wanafungua droo ya meza yake na kukuta mabunda ya noti ambayo yeye hajawahi kuyaona. Anavuliwa mkanda, anafungwa pingu, anapakiwa kwenye gari lile lile alilozoea kupakia wahalifu. Maandishi yanatokea: itaendelea.

Baba anasonya. Mama anasema alishajua tangu juzi kwamba yule bosi si mtu mzuri. Mtoto wa darasa la kwanza, ambaye wote walidhani ameshasinzia, anauliza: "Kumbe na yeye alikuwa mwizi?"

Inaweza kuwa nyumba yoyote, Mbeya, Iringa au kwingineko. Swali kama hilo kwa kawaida hujibiwa kwa "nyamaza tuangalie" au "kalale huko". Lakini ni swali linalostahili jibu, kwa sababu mtoto wa umri huo hajaangalia tamthilia ile ile waliyoangalia wazazi wake.

Hadithi ambayo babu anaijua

Askari mwaminifu anayesingiziwa rushwa si mgeni majumbani mwetu. Mababu waliokuwa vijana miaka ya 1970 walikutana naye kwenye sinema ya Kihindi ya Zanjeer, iliyotoka mwaka 1973 chini ya mwongozaji Prakash Mehra. Amitabh Bachchan anacheza kama Inspekta Vijay, askari asiyenunulika, anayemsumbua tajiri wa magendo aitwaye Teja. Kwa kuwa hanunuliki, anatengenezewa kesi ya kula rushwa na kufungwa miezi 6. Filamu hiyo ndiyo iliyompandisha Bachchan, na baada yake askari wa aina ile wakajaa kwenye filamu za Kihindi.

Akina baba waliokulia kwenye vibanda umiza nao walikutana naye, safari hii akisimuliwa kwa Kiswahili juu ya sauti za Kihindi au Kichina, kwa mtindo uliompa marehemu Lufufu jina kubwa nchini. Watoto wa leo wanampata kwenye king'amuzi, kwenye tamthilia zilizoingizwa sauti za Kiswahili, au kwenye simu ya mama ikiwa bando lipo. Hata Waingereza wanaye. Katika tamthilia ya Line of Duty ya BBC, iliyoanza mwaka 2012, kuna kitengo cha polisi kinachochunguza polisi wenzake, na katika msimu wa tano wa mwaka 2019 mkuu wa kitengo hicho, Ted Hastings, anageuka mtuhumiwa baada ya fedha taslimu kukutwa kwenye chumba cha hoteli anamoishi.

Mtu mzima anafurahia hadithi hii kwa sababu anajua kitu ambacho wahusika wengine hawakijui. Amemwona aliyeweka fedha. Na anajua sheria ya mtaani kwamba stelingi hafi. Kwake pingu ni utamu wa kumsubirisha mpaka kesho.

Mtoto wa miaka 6 hana hayo yote. Mwaka 1932 mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, alichapisha kitabu kuhusu namna watoto wanavyopima mema na mabaya. Moja ya hadithi alizowapa ilimhusu mtoto aliyeiba matunda, akakimbia, akapita kwenye daraja bovu, likakatika. Je, kama asingeiba, daraja lingekatika? Wengi wa watoto wadogo walijibu kwamba lisingekatika. Kwao adhabu ndiyo ushahidi. Aliyepatwa na baya, alifanya baya. Fikra hiyo hupungua kadiri mtoto anavyokua.

Kwa hiyo mtoto huyo anapomwona afande kwenye pingu, amepata hukumu tayari. Tukio la noti kuwekwa kwenye droo lilipita haraka, gizani, na huenda alikuwa anamgombania mdogo wake shuka. Anakwenda kulala na jambo moja: yule mzuri alikuwa mwizi. Kipindi cha kumsafisha kitakuja wiki ijayo, na yeye huenda asikione.

Barabarani na kwenye kota

Kwa watoto wa Nyanda za Juu Kusini jambo hili halibaki kwenye kioo. Anayesafiri likizo kwa basi kutoka Mbeya kwenda Iringa, kupitia Igawa, Makambako na Mafinga, anawaona askari wa usalama barabarani wakisimamisha magari njia nzima. Anamwona kondakta akishuka na karatasi mkononi, kisha anasikia abiria wakicheka na kusema hao wote ndio walewale. Mtoto anachukua maneno hayo kama anavyochukua kwamba moto unaunguza.

Tena kuna neno ambalo Watanzania wanalijua vizuri kuliko waandishi wa tamthilia: kubambikia. Kwenye runinga askari ndiye anayebambikiwa, lakini kwenye mazungumzo ya nyumbani mara nyingi askari ndiye anayebambikia. Neno hilo halikutungwa na wenye chuki. Machi 2019, kesi ya mauaji dhidi ya mfanyabiashara mmoja wa Tabora ilifutwa baada ya yeye kumwandikia Rais kulalamika kwamba amebambikiwa. Malalamiko ya namna hiyo ni miongoni mwa yaliyotangulia kuundwa kwa Tume ya Haki Jinai, iliyozinduliwa Januari 2023 chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman na kukabidhi ripoti yake Julai mwaka huo.

Mzazi asijifanye kwamba hayo hayapo. Mtoto wa darasa la tano atamkamata. Ila darasani kwa mtoto huyo yupo mwenzake anayeishi kota za polisi. Huyo akiangalia tamthilia ile ile anamwona mtu aliyevaa kama baba yake. Kipindi kikiishia kwenye pingu, asubuhi wenzake watamsubiri na utani wa bahasha. Na baba mwenyewe, kama ni miongoni mwa wasiopokea, huenda yuko zamu ya usiku Tunduma na hajui hata kwamba nyumbani kuna swali linalomsubiri.

Jibu fupi kwa mtoto mdogo halihitaji elimu ya sheria. Mrudishe nyuma kidogo: nani aliingia ofisini? Alibeba nini? Yule afande alikuwepo? Mtoto wa miaka 6 akipewa maswali hayo anaweza kufika mwenyewe kwamba fedha ziliwekwa na mtu mwingine, na anaweza kukasirika sana, jambo ambalo ni dalili nzuri. Kwa kijana wa sekondari nenda mbele zaidi. Mwambie Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 13(6)(b), inakataza aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitishwa. Kisha muulize: kwenye kipindi cha leo nani alivunja hilo? Vijana wa umri huo wakianza mjadala hawamalizi, mpaka wengine mkalale.

Nyama ya kwenye sufuria

Kuna mahali pengine mtoto anapoona watu wakihukumiwa, nako ni jikoni kwao. Sukari imepungua. Nyama ya baba ilikuwa vipande vinne, sasa vipo vitatu. Chenji ya mkaa ilikuwa shilingi 500 juu ya kabati na haipo. Mzazi amechoka, ana watoto watatu na msichana wa kazi, na kila nyumba ina mtoto mmoja mwenye rekodi. Huyo ndiye anayeitwa kwanza. "Sema ukweli nisikuchape." Anakana. Anaulizwa mara ya pili, ya tatu, fimbo ikiwa mezani. Mara ya nne anasema ni yeye.

Mzazi anapumua, ukweli umepatikana. Lakini je, umepatikana? Mwaka 2003 watafiti wa Marekani, Allison Redlich na Gail Goodman, waliwapa vijana kazi ya kuchapa kwenye kompyuta wakiwa wameonywa wasiguse kitufe fulani. Baadaye waliambiwa wamekigusa na wameharibu kazi, ingawa hawakukigusa. Wakapewa karatasi ya kukiri wasaini. Wengi walisaini, na walioongoza walikuwa wadogo zaidi, wa miaka 12 na 13. Hapo hakukuwa na fimbo. Palikuwa na mtu mzima mwenye uhakika, basi.

Fimbo nayo ina matokeo yake. Victoria Talwar na Kang Lee, watafiti wa Kanada, walichapisha mwaka 2011 utafiti waliofanya katika shule mbili za nchi moja ya Afrika Magharibi, moja yenye adhabu kali za viboko na nyingine isiyo nazo. Watoto wa miaka 3 na 4 waliachwa chumbani na mwanasesere na kuambiwa wasigeuke kumwangalia. Wengi waligeuka, kama watoto walivyo. Tofauti ilionekana walipoulizwa: wa shule ya viboko walidanganya zaidi, tena kwa ustadi zaidi. Wazazi wengi wanaamini fimbo inamzoesha mtoto ukweli. Utafiti huu unaonyesha inamfundisha kuficha.

Ukijumlisha matokeo hayo mawili unapata nyumba ambamo aliyekula nyama amejifunza kukana bila kupepesa macho, na asiyekula amejifunza kukiri ili yaishe. Huyo wa pili hana haja ya kuelezewa tamthilia ya askari aliyesingiziwa. Anaijua, na huenda ndiyo sababu anaipenda.

Kinachosaidia ni cha kawaida sana. Usimhukumu mtoto kwa rekodi yake. Uliza kila mmoja peke yake, wakati hasira imeshuka, na kubali kwamba siku nyingine hutajua nani alikula nyama. Na ukigundua ulimchapa asiyehusika, mwambie umekosea, mbele ya wale wale waliomwona akichapwa. Kwa wazazi wengi hilo ni gumu kuliko kununua nyama nyingine.

Na usingizi je?

Katika Zanjeer, Vijay alishuhudia wazazi wake wakiuawa akiwa mtoto, na hata akiwa mtu mzima mwenye sare anaota ndoto ile ile ya farasi mweupe. Waandishi wa filamu hawakukosea. Mtoto aliyeona jambo la kutisha anaweza kulirudia usingizini kwa muda mrefu, na kwa watoto wakubwa kidogo kinachotisha zaidi si majini bali kile kinachoweza kutokea kweli: baba kukamatwa, mama kupigwa, mlango kuvunjwa usiku. Akianza kukojoa kitandani ilhali alishaacha, kukataa kulala peke yake au kuwa mkali shuleni, na hali hiyo ikaendelea kwa wiki kadhaa, mpeleke kituo cha afya. Simu 116 ya kusaidia watoto nayo inapigwa bure.

Halafu kuna hesabu ya saa. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12. Anayeamshwa saa 11:30 alfajiri kuwahi shule anatakiwa awe amelala si zaidi ya saa 2:30 usiku. Tamthilia inayoanza saa 3 imeshampita, hata kama haina damu wala bastola. Kwa wenye miaka 2 hadi 4, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 muda wa kioo usizidi saa 1 kwa siku.

Na kwa kuwa ni msimu wa baridi: jiko la mkaa lililoingizwa sebuleni ili kuota moto wakati wa kuangalia runinga litolewe nje kabla ya watu kulala, na wakati linawaka dirisha liwe wazi. Gesi ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na inaua familia nzima ikiwa usingizini.

Basi mtoto wa darasa la kwanza anapelekwa kitandani kabla kipindi kingine hakijaanza, akilalamika kwamba hatajua kama afande ametolewa. Asubuhi, uji ukiwa bado wa moto, anauliza tena kabla hata hajanawa uso. Mama anamwambia bado yuko mahabusu, lakini mfagiaji wa ofisi alimwona aliyeweka zile fedha na leo usiku atasema. Mtoto anafikiri kidogo, kisha anauliza kwa nini huyo mfagiaji hakusema jana.