Adabu ya Mwaloni ni Ngao ya Maisha

Katika Mkoa wetu wa Geita neno "mwalo" lina maana mbili. Kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, mwalo ni mahali pa kuoshea mchanga uliotoka karashani, ili dhahabu ibaki na udongo uende na maji. Kwa wavuvi na wasafiri wa Ziwa Victoria, mwalo ni mahali ambapo chombo hutia nanga, hufungwa kamba na kushusha watu na mizigo yake. Sisi tulioko Ushirombo, makao makuu ya Wilaya ya Bukombe, tumeizoea zaidi ile maana ya kwanza, maana wilaya yetu haina hata hatua moja ya ufuko. Lakini tangu mwaka 2012, Bukombe ilipotoka katika Mkoa wa Shinyanga na kuingia katika mkoa mpya wa Geita, mambo ya ziwa yamekuwa mambo yetu pia. Dagaa tunaowala huvuliwa huko, na vijana wetu huenda huko kutafuta riziki. Kwa hiyo leo twaomba ruhusa ya ndugu zetu wa visiwani, tuseme machache juu ya ile maana ya pili.

Mialo hii miwili, wa dhahabu na wa samaki, ina jambo moja la kufanana. Yote ni mahali padogo panapokutanisha watu wengi, ambao aghalabu hawajuani, na kila mmoja wao ana haraka. Mahali kama hapo hapaendi kwa nguvu za mtu mmoja. Huenda kwa insafu, yaani kila mmoja kukumbuka kwamba haki anayoidai yeye, mwenzake naye anayo.

Hebu tuutazame mwalo wa ziwani kwa utaratibu. Siku za giza, mwezi usipoonekana, wavuvi wa dagaa hukesha majini na taa zao, na alfajiri hurejea karibu wote kwa wakati mmoja. Wachuuzi, wengi wao akina mama, wamekwisha kuwasili na ndoo na vikapu. Wakati huo huo boti ya abiria inataka kuondoka, na nyingine inatoka kisiwani na wagonjwa, wanafunzi na wafanyabiashara. Mwezi ukipevuka mambo hugeuka: mitumbwi ya dagaa hulala ufukoni siku kadhaa bila kazi, na mahali pa kushukia hujaa vyombo visivyokwenda popote. Mwaka 2020, na tena mwaka 2024, maji ya ziwa yalipanda sana, sehemu za ufuko zikafunikwa, na nafasi iliyokuwa ndogo ikazidi kuwa ndogo. Ni dhahiri basi kwamba suala la nani afunge wapi, na kwa muda gani, si jambo la mzaha.

Adabu ya kwanza ya mwaloni ni salamu na ruhusa. Vyombo vikifungwa ubavu kwa ubavu, yule aliye nje hana njia ya kufika nchi kavu ila kwa kupita ndani ya chombo cha jirani yake. Chombo cha mtu ni kama nyumba yake. Anayepita hupiga hodi, hukanyaga panapokanyagwa, haruki juu ya nyavu, wala hamwagi maji machafu mahali ambapo mwenzake ameweka chakula. Ikiwa amelazimika kulegeza kamba ya jirani ili apate kutoka, huifunga tena kama alivyoikuta. Kamba iliyoachwa imelegea usiku si kosa dogo. Upepo ukivuma, chombo hicho huenda na maji, na asubuhi familia nzima imepoteza riziki yake. Mabaharia wa pwani, ambao majahazi yao hufungwa kwa kubanana bandarini, wamelijua jambo hili tangu kale, na baharia asiyelijua hahesabiwi kuwa baharia.

Adabu ya pili ni mwendo. Boti yenye mashine ikipita kwa kasi karibu na mwalo huacha nyuma yake mawimbi yanayogonganisha mitumbwi iliyofungwa, hupasua mbao, na huweza kumtupa majini mtoto anayechota maji. Nahodha mwenye murua hupunguza mwendo kabla ya kufika, si baada ya kupigiwa kelele. Tena, chombo chenye nguvu humpisha asiye na nguvu. Haya si maneno yetu peke yetu. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, zilizowekwa mwaka 1972, zinakitaka chombo cha mashine kukipisha chombo cha tanga na kile kinachovua, na zinamtaka anayempita mwenzake ajiepushe naye. Hata mwenye chombo cha makasia hakusahauliwa: naye anatakiwa awe na taa au tochi mkononi, aionyeshe mapema ili asigongwe. Hapo kila upande una wajibu wake. Mwenye mashine apunguze mwendo, na mwenye kasia asitembee gizani kama mtu anayejificha.

Adabu ya tatu ni kutambua kwamba mahali pa kushukia si ghala wala si kiwanja cha mtu. Aliyetangulia kufunga ana haki ya kumaliza kushusha. Hana haki ya kulala hapo kutwa akishona nyavu au akisubiri bei ipande. Akimaliza kazi yake husogea pembeni, akampa nafasi aliye nyuma. Na ipo amri moja isiyohitaji kikao: chombo kilichobeba mgonjwa, au mama mwenye uchungu wa kuzaa, hupishwa na wote. Mkaaji wa kisiwa hana barabara nyingine ya kwenda hospitali isipokuwa maji. Dakika zinazopotea kwa kubishana juu ya kamba huweza kuwa ndizo dakika za uhai wake.

Siku hizi wameongezeka pia watu wanaoingia ziwani kwa matembezi. Mjini Mwanza wako wanaokwenda kwa boti kukitazama Kisiwa cha Saanane, kilichofanywa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, na wako wanaovuka kwenda Rubondo, hifadhi tangu mwaka 1977. Hatuna kinyongo nao. Starehe ya halali ni haki ya mtu aliyefanya kazi, na fedha za wageni zina faida kwa taifa. Lakini mtu wa matembezi akumbuke kwamba mahali anapofunga boti yake kwa burudani, mwingine anapatafutia chakula cha watoto. Muziki wa juu usiku, chupa zinazotupwa majini na mbio za kuonyeshana ubingwa mbele ya nyavu za watu havimletei mgeni heshima yoyote.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni la watu maskini wenye mialo ya mchanga tu. Huko Uingereza iko mifereji mingi iliyochimbwa zamani kwa ajili ya kusafirisha makaa ya mawe na bidhaa, na leo hutumiwa zaidi na watu wa matembezi. Kwa kuwa nchi ina vilima, mifereji hiyo ina vyumba vyenye milango mikubwa ambamo chombo huingia, maji yakajazwa au yakapunguzwa, nacho kikapandishwa au kikateremshwa. Kila mara chumba kinapotumika, maelfu ya galoni za maji hushuka bondeni. Kwa hiyo desturi ya waungwana wa huko ni kwamba chumba kikiwa na nafasi ya vyombo viwili, aliyefika kwanza humngoja anayekuja nyuma ili waingie pamoja, maji yasipotee bure. Akitoka huhakikisha kwamba milango imefungwa, na apitapo penye vyombo vilivyofungwa hupunguza mwendo. Sisi hatuna milango ya namna hiyo ziwani, ila somo lake latufaa: pale kitu cha wote kinapokuwa kidogo, kumngoja mwenzako ni hesabu nzuri.

Pengine atatokea msomaji atakayesema kwamba adabu ni jambo la wazee na vibaraza, na kwamba chombo huokolewa na sheria, ukaguzi na jaketi okozi. Sisi twasema vyote hivyo vinahitajiwa, tena sana. Lakini na tukumbuke tarehe 20 Septemba 2018. Siku hiyo kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugolora, Ukerewe, kwenda Bwisya katika Kisiwa cha Ukara. Kilikuwa cha abiria wapatao 100, nacho kilibeba zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo, pamoja na mizigo. Hakikupinduka katikati ya kilindi. Kilipinduka kikiwa karibu na gati, watu wa nchi kavu wakikitazama. Zaidi ya watu 220 walipoteza maisha, na 41 waliokolewa. Miaka 22 kabla yake, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza baada ya kupitia Kemondo, ambako abiria zaidi walipanda, na mamia ya watu wakafa.

Misiba hiyo ilikuwa na sababu zake, na kubwa iliyo wazi ni kuzidisha watu na mizigo. Hata hivyo yatupasa tuone mahali ambapo kosa hilo huanzia. Huanzia gatini, pale kila mtu anapotaka kuwa wa kwanza kupanda, na pale asiyepata nafasi anapoona kubaki ni aibu. Mabaharia wanajua kwamba chombo kilichojaa huwa katika hatari kubwa kinapokaribia gati, kwa kuwa abiria huinuka kwa pamoja na kuelekea upande mmoja, kila mmoja akitaka kutangulia kushuka. Hapo kungoja zamu huacha kuwa jambo la kupendeza tu, likawa tofauti kati ya kufika na kutofika. Tusisahau vilevile kwamba siku ile pale Ukara waliowahi kufika kuokoa walikuwa wavuvi na wananchi wa jirani, kwa mitumbwi yao. Ujirani ulifika kabla ya msaada mwingine wowote.

Tunaposifu ujirani, hatuna budi kuweka mpaka. Ujirani si kufichiana maovu. Anayemwona mwenzake akipakia watu kupita kiasi akanyamaza ili wasikosane, huyo hakumtendea mwenzake wema, amemsindikiza kaburini. Anayemfichia mwenye kokoro na nyavu haramu kwa kuwa wamefunga vyombo pamoja, ameiba samaki wa watoto wa wote wawili. Jirani wa kweli husema mapema, kwa lugha ya staha, na asiposikilizwa hupeleka jambo kwa wahusika.

Kwa viongozi na watumishi wa serikali tuna maneno matatu. La kwanza ni kwamba mialo ipangwe. Mahali pa abiria pajulikane, mahali pa kushushia samaki pajulikane, na vyombo visivyo na kazi viwe na pembe yao. Nguzo chache na kibao kilichoandikwa kwa Kiswahili fasaha huweza kumaliza ugomvi wa miaka. La pili ni kwamba chombo cha serikali kiwe mfano. Mtumishi anayefunga boti ya ofisi mahali pa abiria na kwenda zake kutwa amefuta kwa kitendo kimoja mafundisho ya mikutano kumi. Na mkusanya ushuru asikizuie chombo mlangoni pa mwalo kwa muda mrefu ilhali wengine wanasubiri. Ushuru ulipwe, lakini pembeni. La tatu ni kwamba visiwa visisahauliwe. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita zipatazo 3, na sisi wa upande huu wa ziwa tunalifurahia mno. Daraja hilo halifiki Kome, wala Maisome, wala Ukara. Kwa wananchi wa huko gati lililo imara bado ndilo daraja lao.

Kwa ndugu zetu wa visiwani na wa mialoni, twasema kwamba chombo cha kuyatekeleza haya mnacho. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambavyo viongozi wake huchaguliwa na wanamwalo wenyewe, visingoje barua kutoka wilayani. Vikae, viwasikilize wavuvi, manahodha wa abiria na akina mama wanaoanika dagaa, kisha viandike taratibu chache zinazokumbukika: nani apishwe, muda wa kushusha, mwendo wa kuingia, adhabu ya anayekata au kulegeza kamba ya mwenzake. Mgeni afikapo aelezwe taratibu hizo kabla hajalaumiwa. Ofisa hukagua mchana. Alfajiri yenye giza, vyombo mia vinaporejea kwa pamoja, aliye mwaloni ni jirani na jirani yake.

Wahenga walisema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Lakini mwalo si chombo kimoja, na hauwezi kuwa na nahodha mmoja. Una manahodha wengi kwa maumbile yake, na kila mmoja ana amri ndani ya chombo chake tu. Akishaitupa kamba ufukoni amekwisha ingia katika mali ya wote, na hapo amri humkoma, ikabaki heshima. Kila anayeingia mwaloni na apunguze mwendo, atoe salamu, afunge vyema, ashushe upesi, kisha ampishe mwenzake.