Mashine Ndogo za Gemu za Zamani: Tununue au Tuache?

Ukiishika SNES Mini ya Nintendo, kinachokushangaza kwanza ni wepesi wake. Ni kiboksi cha plastiki ya kijivu kinachoenea kiganjani. Juu kuna alama ya mlango wa kaseti, lakini mlango wenyewe haufunguki. Mbele kuna matundu ya padi, nayo ni ya sura tu: ukiuvuta ule ubao wa mbele unaachia, na nyuma yake ndipo yalipo matundu ya kweli. Kaseti haiingii popote. Gemu zake 21 zimo ndani tangu kiwandani, na dukani hakuna nyingine ya kuongezea.

Mashine hii ilitoka Septemba 2017 kwa dola 79.99 za Marekani, takriban shilingi laki mbili za Tanzania. Karibu gemu zake zote ni za kati ya mwaka 1990 na 1996. Ndiyo maana watu wengi huuliza swali la haki kabisa: kwa nini nitoe laki mbili kununua vitu vya miaka thelathini iliyopita, ambavyo hata simu yangu inaweza kuvichezesha?

Jibu langu ni kwamba inafaa kununua, ila kwa masharti mawili. Kwanza, uzijue kwa majina gemu utakazocheza. Pili, uwe na mtu wa kucheza naye. Anayenunua kwa kuhesabu idadi ya gemu zilizoandikwa kwenye boksi atajuta, na sababu yake inaeleweka vizuri tukiangalia kwanza kilichomo ndani.

Mkalimani ndani ya boksi

Nintendo ilianza kuuza Famicom, mashine iliyoitangulia SNES, nchini Japani tarehe 15 Julai 1983. Aliyeongoza usanifu wake ni mhandisi Masayuki Uemura. Marekani na Ulaya zikaijua kwa jina la NES. Prosesa yake ilikwenda kwa kasi ya megahezi 1.79 hivi, na kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ilikuwa kilobaiti 2 tu. Gemu nzima ya Super Mario Bros. ina kilobaiti 40. Picha moja ya simu yenye megabaiti 4 ingeweza kubeba gemu hiyo mara mia.

NES Mini, iliyotoka Novemba 2016 kwa dola 59.99 ikiwa na gemu 30, haina hata kipande kimoja cha mashine ile ya zamani. Ndani yake mna kikompyuta chenye prosesa ya aina iliyozoeleka kwenye simu na tableti za bei nafuu, hifadhi ya megabaiti 512, na mfumo wa Linux. SNES Mini nayo imejengwa juu ya ubao wa aina hiyo hiyo.

Sasa, gemu ya mwaka 1985 imeandikwa kwa lugha ya prosesa ya NES, na prosesa hii mpya haiijui lugha hiyo. Kwa hiyo katikati inawekwa programu ya kuigiza, ambayo kazi yake ni ya ukalimani. Gemu inaposema "chora doa jekundu hapa, toa mlio huu, angalia kama kitufe kimebonyezwa", programu inaipokea amri na kuigeuza iwe kitu ambacho prosesa mpya inakielewa, mara nyingi mno katika kila sekunde.

Mkalimani mbaya hupatia maneno akakosea mwendo. Katika gemu hizi mwendo ndiyo roho ya mchezo. Kwenye mashine ya awali, kipande cha kuchora picha, kipande cha sauti na prosesa vilikwenda sambamba kama wapiga ngoma waliozoeana. Programu ikichelewesha sauti kidogo tu, sikio linajua. Ikichelewesha kitufe, Mario anadondoka shimoni na mchezaji anajilaumu bure. Nintendo iliipa kazi hiyo timu yake yenyewe ya utafiti iliyoko Paris. Sega, kwa Mega Drive Mini ya Septemba 2019 yenye gemu 42, iliwapa M2 ya Japani, kampuni inayoheshimika sana katika kazi ya kuzileta gemu za zamani kwenye mashine mpya. Hapo ndipo sehemu kubwa ya pesa yako inapokwenda, mahali usipoweza kupaona kwa macho.

Ishirini na moja dhidi ya ishirini

Umuhimu wa mwendo huo unaonekana ukizilinganisha SNES Mini na PlayStation Classic ya Sony. Kwa idadi zinakaribiana sana: moja ina gemu 21, nyingine 20. Zote mbili zilikuja na padi mbili. Lakini hatima zao zilitofautiana kabisa.

PlayStation Classic ilitoka tarehe 3 Desemba 2018, siku ile ile ambayo PlayStation ya kwanza ilianza kuuzwa Japani mwaka 1994. Bei ilikuwa dola 99.99. Kosa kubwa lilikuwa kwenye matoleo ya gemu zilizowekwa ndani. Televisheni za zamani za Marekani na Japani zilionyesha picha mara 60 kwa sekunde, ilhali zile za Ulaya, na zetu za Afrika Mashariki, zilionyesha mara 50. Gemu iliyotengenezwa kwa mwendo wa 60 ikihamishiwa kwenye 50 bila kurekebishwa inapungua kasi: mahali pa hatua sita unapata tano. Katika orodha ya Sony, gemu tisa zilikuwa za toleo la 50, Tekken 3 ikiwemo. Tekken 3 ni mchezo wa kupigana unaotegemea kuona teke linakuja na kulizuia papo hapo. Aliyeizoea kwa kasi yake kamili aliona wapiganaji kama wamefungwa mawe miguuni.

Padi zake pia zilikuwa za mtindo wa kwanza kabisa, zisizo na vijiti viwili vya kusukuma kwa vidole gumba. Na kwa msomaji wa kwetu kuna pengo lingine. Wengi wa hapa walioijua PlayStation kwenye mabanda ya gemu waliijua kwa mpira, kwa Winning Eleven na nyimbo za ushindi za waliokuwa wakisubiri zamu. Katika gemu zile 20 hakuna hata moja ya soka.

Kabla ya mwezi ule kwisha, maduka ya Marekani yalikuwa yameishusha hadi dola 59.99. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

SNES Mini kwa upande wake ilibeba Super Mario World, Street Fighter II Turbo, Super Mario Kart, Donkey Kong Country na Super Metroid. Ndani yake ikawekwa pia Star Fox 2, gemu iliyokamilishwa katikati ya miaka ya 1990 kisha ikafungiwa kabatini kwa sababu Nintendo ilikuwa inajiandaa kwa mashine mpya ya Nintendo 64. Waliokuwa watoto wakati ule walisubiri zaidi ya miaka ishirini kuicheza kihalali. Kwa hilo peke yake, mashine hii ilifanya kazi ambayo kwa kawaida tunaitegemea kwa makumbusho.

Mambo ya sebuleni

Kabla ya kulipa, fikiria mahali utakapokaa. Waya wa padi ya NES Mini una urefu wa sentimita 76 hivi. Kwa TV ya kisasa iliyotundikwa ukutani, mashine itabidi iwe chini, na mchezaji akae mkekani karibu na skrini kama tulivyokaa tukiwa watoto. Tena, kurudi kwenye orodha ya gemu lazima uinuke ubonyeze kitufe cha Reset kwenye mashine yenyewe. Kwenye SNES Mini waya uliongezwa ukafika kama mita moja na nusu, lakini cha Reset kimebaki pale pale.

TV yenyewe pia ina lake. TV za bapa huisafisha picha kabla ya kuionyesha, na usafishaji huo huchukua muda. Ukiona unaruka kwa kuchelewa, usiilaumu mashine kabla hujaingia kwenye mipangilio ya TV na kuwasha hali ya gemu. Badiliko hilo ni la bure, na mara nyingi ndilo linalotofautisha jioni tamu na jioni ya kukereka.

Kuna gemu ambazo haziwezi kurudi kabisa kwa njia hii. Duck Hunt, ile ya kulenga bata kwa bunduki, haimo kwenye NES Mini. Bunduki ile ilitegemea televisheni za chogo zilizochora picha mstari kwa mstari. Ulipofyatua, skrini iliingia giza kitambo kidogo, pale alipo bata pakawaka mraba mweupe, na jicho lililomo mdomoni mwa bunduki likapima kama limeuona kwa wakati wake. TV ya bapa haichori hivyo.

Umeme hausumbui. Mashine hizi zinatumia waya wa USB, na chaja ya kawaida ya simu inatosha. Anayeagiza NES ya awali kutoka Marekani au Japani anakabili jambo lingine: chaja yake ni ya volti 120 au 100, na ukiichomeka kwenye soketi yetu ya 230 bila kigeuzi umeiunguza.

Njia nyingine zilizopo

Mwenye Nintendo Switch anaweza kulipia huduma ya mtandaoni ya kampuni hiyo kwa dola 19.99 kwa mwaka, akapata gemu nyingi za NES na SNES, Star Fox 2 ikiwemo tangu Desemba 2019. Kwa aliye na Switch tayari, hesabu hiyo ni ngumu kuishinda. Lakini huko unakodi. Lazima mashine iguse intaneti angalau mara moja ndani ya siku saba, na ukiacha kulipa zinafungwa. Maduka ya kidijitali nayo hufa: duka la Wii lilifungwa Januari 2019, na yale ya Wii U na 3DS yakaacha kuuza Machi 2023. Mwaka huo huo wa 2023, taasisi ya Video Game History Foundation ya Marekani ilionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka nchini humo kabla ya 2010 hazipatikani tena madukani. Mashine ndogo uliyoinunua haiombi ruhusa ya mtu yeyote kuwaka.

Njia ya pili ndiyo inayotugusa zaidi. Kuanzia Kariakoo hadi katikati ya Nairobi zinauzwa fimbo za gemu, vijiti vidogo vinavyochomekwa nyuma ya TV, vikiwa na padi mbili zisizo na waya na ahadi ya maelfu ya gemu kwa bei ya chini sana. Niliwahi kukaa na moja jioni nzima. Tulitumia muda mwingi kushuka kwenye orodha kuliko kucheza. Gemu ile ile ilijitokeza kwa majina matatu, nyingine zilikuwa za Kijapani tusichokielewa, na kila nilipobonyeza kuruka palikuwa na kusita kidogo kabla ya mchezaji wangu kuinuka. Zaidi ya hayo, gemu zile kwa kawaida zimewekwa bila kibali cha walioziunda.

Waliokua na zile mashine za kuiga Famicom, zenye kaseti za njano, wanaujua mchezo huo wa namba. Kaseti iliandikwa maelfu ya gemu, na baada ya nusu saa ukagundua zimo chache zinazojirudia. Hata hivyo tuliipenda, kwa sababu ya Contra. Na tuliipenda Contra kwa sababu ilitaka wawili, mmoja aangalie juu na mwingine chini. Kwa anayeitafuta gemu hiyo hasa, ajue kwamba NES Mini ina Super C, ambayo ndiyo iliyoifuata, lakini ile ya kwanza haimo.

Kwa anayetaka kununua sasa

Nintendo haitengenezi tena mashine hizi, kwa hiyo utanunua mkononi kwa mtu au kwa muuzaji wa mtandaoni, pengine kwa bei inayozidi ile ya kwanza. Jihadhari na bandia. NES Mini halisi ina tundu la HDMI na orodha ya gemu 30. Ukiona nyaya za rangi nyekundu, nyeupe na njano, au boksi linalojisifu kwa mamia ya gemu, hiyo siyo. Ikikuzidi bei kuliko Switch iliyotumika pamoja na ada ya mwaka, iache.

Lakini ikipatikana kwa bei ya kiasi, fanya jambo moja kabla hujatoa pesa. Chukua karatasi, andika majina ya gemu tatu zilizomo ambazo utazicheza mwezi huu, kisha chini yake andika jina la mtu atakayeshika padi ya pili: mwanao, dada yako, rafiki wa utotoni anayekuja Jumapili. Ukiyapata majina yote manne bila kusitasita, nunua. Ukikwama kwenye lile la nne, mpigie kwanza mtu huyo simu, mashine itasubiri.