Wastani na Siri Zake: Upimaji wa Pengo la Afya katika Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Takwimu za afya aghalabu hutolewa kwa wastani. Hata hivyo, wastani huwachanganya walionacho na wasionacho, kisha ukawapa wote sura moja. Makala haya yanaeleza namna pengo la afya linavyopimwa, kwa kurejelea mitaa ya Eastlands.

Mitaa hiyo ina asili yake katika ubaguzi wa rangi. Wakati wa ukoloni, Wazungu walitengewa upande wa magharibi wa Nairobi, Wahindi wakakaa Ngara na Parklands, nao wafanyakazi Waafrika wakapangiwa Pumwani, Kaloleni na Ziwani. Baada ya uhuru mwaka 1963, ubaguzi wa kisheria ulikoma, lakini tofauti za kimakazi hazikutoweka. Isitoshe, vitongoji duni viliongezeka.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba mtoto wa mjini ana nafuu kuliko wa mashambani. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 1998 ulielekea kuthibitisha hivyo: kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, waliofariki kabla ya kutimiza miaka mitano walikadiriwa kuwa 62 Nairobi na 113 mashambani. Mwaka 2000, shirika la APHRC lilipima vitongoji duni vya Nairobi peke yake. Vifo vilikuwa 151. Na katika vitongoji vya Embakasi, upande wa Eastlands, vilifika 254. Idadi ya 62 haikuwa ya uongo, ila iliwameza watoto hao.

Aidha, kupima pengo si sawa na kueleza chanzo chake. Huko Michigan, Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulilinganisha wagonjwa weusi na weupe wenye hali zinazofanana waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Weusi waliopata matatizo baada ya upasuaji walikuwa asilimia 8.8, weupe 6.8. Rangi haiui, wala jina la mtaa haliui. Katika vitongoji vya Nairobi, chanzo hutafutwa katika maji, vyoo, chanjo na umbali wa zahanati.

Utafiti wa vitongoji uliporudiwa mwaka 2012, vifo vilikuwa vimeshuka hadi takriban 80. Kushuka huko kusingejulikana lau watoto wa vitongoji wangeendelea kuhesabiwa ndani ya wastani wa jiji zima.