Jani la Kuvundikwa

Mjomba wangu hakuivuta. Aliigeuzageuza mkononi, akainusa huku na huku, kisha akachukua kisu cha kumenyea mihogo akaipasua kwa urefu wake wote. Nilipiga kelele. Ilikuwa biri ya Nikaragua niliyoletewa na rafiki baharia: sigara nene ya majani matupu, isiyo na karatasi wala kichungi, ambayo bei yake ingenunua madebe kadhaa ya mahindi palepale Urambo, Tabora, tulipokuwa tumekaa. Mjomba hakushtuka. Amelima tumbaku maisha yake yote, na kwake tumbaku isiyofunuliwa ni sawa na gunia lisilofunguliwa: huwezi kuisemea.

Akayatoa majani moja baada ya jingine, akayapulizia pumzi yalainike, akayapanga juu ya mkeka kama anayemngoja mteuzi siku ya soko. "Hili la chini, jembamba. Haya ya kati. Hili limetoka juu kabisa, limepigwa jua, nene, lina mafuta." Halafu akaniangalia. "Mwanangu, madaraja yote haya katika mtumba mmoja? Sisi tungerudishiwa mzigo."

Alikuwa amepatia, bila kuambiwa na mtu. Biri nzuri ni mchanganyiko wa madaraja unaofanywa kwa makusudi. Wasokotaji wa Kuba huyaita majani ya ndani tripa, yaani matumbo, na kila moja lina kazi yake kulingana na mahali lilipoota kwenye shina. Jani la chini, volado, halina ladha kubwa lakini linashika moto vizuri. Lile la kati, seco, ndilo lenye harufu. La juu, ligero, limekunywa jua kuliko yote: lina nguvu, lina nikotini nyingi, na linaungua polepole kwa shingo upande. Kwa hiyo msokotaji hulitia ligero katikati kabisa na kulizungushia yale mepesi. Ukiikung'uta vizuri biri iliyosokotwa hivyo, kaa lake huonekana limechongoka kama ncha ya penseli, kwa sababu kiini kinachelewa kuungua. Matumbo yakishapangwa hufungwa kwa jani moja gumu, capote, na juu yake huvalishwa capa, jani laini lisilo na tundu wala mshipa mnene, linalozungushwa kama mwanamke anavyojifunga kanga: limebana, lakini hatua haizuiliki.

Hatua yenyewe ni hewa. Majani ya ndani hukunjwakunjwa ili yaache vijia vya moshi kuanzia mguuni hadi kichwani. Yakibanwa mno, unavuta mpaka mashavu yanaumana. Yakilegea, moto unakimbia na moshi unakuwa mkali. Kiwandani hilo hutegemea ustadi wa vidole vya mtu aliyekaa mezani na kisu chake cha mbalamwezi, chaveta, akisokota biri mia hivi kwa siku kutegemea ukubwa wake. Mwaka huu nimekutana na moja ambayo vidole vilisinzia. Sitaitaja jina. Moto ulijichimbia handaki katikati, ganda likabaki zima kama gogo lililooza ndani, na nilipoigonga kidogo nusu yake ikaniangukia kwenye shati.

Lakini kusokota ni sura ya mwisho. Jambo lililomshinda mjomba kuelewa ni harufu. "Hii haijapita bani," alisema, na hapo pia alipatia.

Tumbaku ya Tabora sehemu kubwa ni ile inayoitwa ya mvuke. Majani mabichi huningʼinizwa ndani ya bani, yaani banda la kukaushia, moto wa kuni hupasha hewa kupitia mabomba, na baada ya juma moja hivi jani linatoka la njano kama ganda la chungwa. Kinachotokea ni kwamba wanga wa jani hugeuka sukari, kisha joto kali huliua jani kabla halijaila sukari hiyo. Jani la biri huuawa kwa njia nyingine kabisa, au niseme huachwa lijifie. Huningʼinizwa katika banda refu lenye upenyo wa hewa, bila moto, kwa wiki sita, nane, wakati mwingine zaidi. Muda wote huo chembe zake bado hai zinajilisha. Sukari inaliwa yote. Rangi inatoka kijani kwenda njano, kisha hudhurungi.

Tofauti hiyo ndogo ya sukari ndiyo inayotenganisha sigara na biri kuliko karatasi au bei. Moshi wa jani lenye sukari una asidi, na katika moshi wa namna hiyo nikotini haipenyi kirahisi ngozi ya mdomo. Mvutaji hulazimika kuuteremsha mapafuni ndipo aipate. Moshi wa jani lisilo na sukari una ualkali. Nikotini yake hupita kwenye mashavu na ulimi, mtu akiwa ameuweka moshi mdomoni tu. Ndiyo maana wavutaji wa biri hawaumezi. Si kwa adabu: mwili wao umeshahudumiwa.

Baada ya kukauka ndipo inakuja kazi ninayoipenda kuliko zote kuieleza, kwa kuwa lugha yetu ina neno lake tayari: kuvundika. Aliyewahi kufukia mkungu wa ndizi shimoni hahitaji darasa refu. Majani hunyunyiziwa maji, hurundikwa hadi kimo cha mtu, huzibwa. Ndizi huivishwa na gesi inayoitoa yenyewe. Tumbaku huivishwa na joto lake, linalotokana na vimengʼenya vya jani na vijidudu vinavyoshiba humo ndani. Mlinzi wa rundo huchomeka kipimajoto katikati, na joto likikaribia nyuzi 50 hivi rundo hufumuliwa, ya nje yakaingia ndani na ya ndani yakatoka nje, likarundikwa upya. Majani mazito ya juu huvundikwa muda mrefu zaidi, na yale ya rangi nyeusi yaitwayo maduro hupikwa hivyo kwa subira kubwa.

Ukipita jirani na rundo hilo unanusa zizi la mbuzi. Ni amonia, inayotoka protini za jani zinapovunjika. Nikotini nayo hupungua. Rangi za njano zilizofichwa ndani ya jani, ndugu wa zile za karoti na embe, hukatika vipande vidogovidogo, na vipande hivyo ndivyo pua huvitambua kama maua makavu, asali, matunda yaliyokaushwa. Biri inayobana koo na kunuka mkojo haikuharibika. Imetolewa shimoni mapema.

Nilivyovitambua mimi mwaka huu ni vitu vya jikoni kwetu. Padrón 1964 ya maduro, kutoka Estelí, Nikaragua, iliyobanwa ndani ya sanduku mpaka ikawa na pembe nne, ilianza na kakao chungu na buni iliyokaangwa ikakaribia kuungua, ile ya kahawa ya vikombe vidogo mitaa ya Kariakoo saa kumi na moja alfajiri. Katikati ikaja sukari guru. Hizi si ndoto za mlevi: moto unapolichoma jani lililovundikwa huzalisha molekuli za aina ileile zinazotokea buni au kakao inapokaangwa, na ulimi, unaojua chumvi, tamu, uchungu, ukali wa ndimu na utamu wa mchuzi tu, huiachia pua kazi iliyobaki. Wajuzi huutoa moshi kidogo kupitia puani kwa ajili hiyo. Pilipili manga huonekana hapo kwanza, na wageni hupiga chafya.

Ya pili ilikuwa fupi, imechongoka ncha zote mbili: Short Story, katika mfululizo wa Hemingway wa Arturo Fuente. Husokotwa Jamhuri ya Dominika, lakini kanga yake inatoka Afrika, nchini Kamerun. Mashamba ya jani hili yako upande wa mashariki wa nchi hiyo na kuvuka mpaka kuingia Jamhuri ya Afrika ya Kati, ambako mawingu mazito huwa ndiyo kivuli. Kwingineko, kama Kuba, jani la kanga hutandikiwa shashi shamba zima ili jua lisilikomaze. Ukilipapasa jani la Kamerun utahisi vipele kama mgongo wa mjusi. Ladha yake kwangu ilikuwa korosho za kuchoma na harufu ya mbali ya mdalasini. Hii ndiyo niliyoipenda, ingawa ndiyo rahisi kuliko zote tatu.

Ya tatu ni ya Kuba, Partagás Serie D No. 4, milimita 124 kwa urefu. Unene wa biri hupimwa kwa sehemu za 64 za inchi, na hii ni 50. Udongo uliolowa, ngozi ya viatu vipya, kisha pilipili iliyokaa hadi mwisho. Ilivutika kwa tabu, nami nikabaki nikijiuliza kama nalipia jani au nalipia jina. Majina ya Kuba yana mikosi yake. Serikali ya Castro ilitaifisha viwanda mwaka 1960, wenye viwanda wakakimbia na mbegu, ujuzi na majina yao, na hadi leo kuna Partagás ya Havana na Partagás ya Dominika zisizohusiana. Februari 1962 Rais Kennedy aliizuia bidhaa ya Kuba kuingia Marekani. Msemaji wake, Pierre Salinger, alisimulia baadaye kwamba usiku uliotangulia alitumwa kumtafutia bosi wake biri elfu moja, akarudi asubuhi na 1,200, ndipo Kennedy akatia saini.

Hadithi za viwandani zinanivutia zaidi. Mwaka 1865, katika kiwanda cha El Fígaro mjini Havana, wasokotaji walianza kumweka mtu mmoja juu ya jukwaa awasomee kwa sauti huku mikono ikifanya kazi. Walimlipa wenyewe kutoka mifukoni mwao. Magazeti asubuhi, riwaya baadaye, na riwaya ipi isomwe walipiga kura. Inasemekana jina Montecristo, lililoanza 1935, lilitokana na riwaya ya Dumas iliyopendwa mno mezani. Wamiliki wa viwanda vya Tampa, Florida, waliwaondoa wasomaji mwaka 1931, wakihofia siasa zilizokuwa zikisomwa. Kuba bado wapo.

Kuihifadhi biri huku kwetu ni vita vya pande mbili. Inataka unyevu wa hewa wa asilimia 65 hadi 72. Dar es Salaam huipa zaidi ya hapo, ikaota ukungu. Urambo mwezi wa tisa huipa pungufu, ikapasuka kama udongo wa mbuga. Pia kuna dudu wa tumbaku, mdogo kama chembe ya mtama. Ni yuleyule anayetoboa iliki na pilipili zilizokaushwa ndani ya kopo lako. Mayai yake husubiri kimya ndani ya jani hadi joto lipande, ndiyo maana watengenezaji huzigandisha biri kabla ya kuzisafirisha. Zangu hukaa friza siku kadhaa kwanza, chini ya pweza, na mke wangu ameshasema alilonalo kuhusu hilo.

Masanduku ya kuhifadhia biri huwa ya mbao ya mti uitwao mwerezi wa Kihispania, ambao si mwerezi na si wa Hispania. Ni Cedrela odorata wa Amerika ya kitropiki, wa ukoo mmoja na mkangazi na mwarobaini, na harufu yake huwafukuza baadhi ya wadudu. Uliletwa Tanganyika ukapandwa kwa ajili ya mbao, ukapenda mno. Nenda msitu wa Kimboza, Morogoro, uone ulivyojitwalia eneo kubwa ukiisonga miti ya asili.

Niseme na hili, kwani watu huniuliza: hapana, biri si salama kwa kuwa moshi haumezwi. Moja kubwa yaweza kubeba tumbaku sawa na pakiti nzima ya sigara, na saratani ya mdomo, koo na umio haimwulizi mtu kama alivuta kistaarabu. Mimi ni tatu nne kwa mwaka. Hata hizo daktari wangu hazipendi.

Mjomba, siku ile ya kisu, alimaliza uchambuzi wake, akakusanya majani yote pamoja, akayasagasaga kiganjani, akachana pembe ya gazeti na kujisokotea sigara. Nilimwambia asivute mpaka ndani. Alivuta mpaka ndani. Alikohoa hadi machozi, akashika nguzo ya kibaraza, akaketi chini taratibu, jasho likimtoka kipajini.

"Hiki kizunguzungu nakijua," alisema alipopata pumzi. "Ni kile cha kuchuma na umande."

Kila mkulima wa Urambo anakijua. Asubuhi jani bichi linapolowa, nikotini huyeyuka kwenye umande na kupenya ngozi ya mikono, na mchumaji hutapika kabla ya saa nne bila kuvuta chochote. Nikamletea maji. Alikunywa, akaitazama capa iliyobaki juu ya mkeka, laini, haina tundu.

"Lakini aliyelichuma hili," akasema, "alisubiri likauke."