Kabla ya Kumwaga Zege: Kupima Udongo kwa Umeme



Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilibomoa nyumba nyingi Bukoba, ng'ambo ya mpaka wetu. Wazee wa magharibi wanalikumbuka pia lile la Toro la Machi 1966. Sisi tunaochimba misingi Mbarara na katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale yatupasa kujua kwamba tetemeko halitikisi kuta tu. Laweza kuuharibu mchanga ulio chini yake.

Mchanga uliolegea na kujaa maji ukitikiswa kwa nguvu, chembe zake hutaka kujipanga upya, lakini maji hayawahi kutoka. Basi uzito wa nyumba hubebwa na maji, na ardhi hugeuka uji. Niigata, Japani, mwaka 1964, majengo ya ghorofa yaliinama, moja likakaribia kulala ubavu, hali kuta zake ni nzima.

Juu ya mwamba hatari hiyo haipo. Pa kuangalia ni mabondeni, kando ya mto Rwizi na ya Ziwa Nakivale, ambako maji hayako mbali chini.

Kipimo chenyewe ni hiki. Vigingi 4 vya chuma hupigwa katika mstari. Umeme hupitishwa katika viwili vya nje, volti husomwa kati ya viwili vya ndani. Vikitanuliwa, kipimo hufika chini zaidi. Hakuna shimo linalochimbwa, na ndiyo maana makontrakta wanakipenda!

Tangu kazi ya Archie mwaka 1942 inajulikana hivi: gawa ukinzani wa mchanga uliojaa maji kwa ukinzani wa maji yenyewe. Jibu likiwa dogo, nafasi kati ya chembe ni kubwa, yaani mchanga umelegea. Lakini mfinyanzi nao hupitisha umeme, hata ukiwa imara, na maji ya chumvi hupotosha hesabu. Umeme huonyesha pa kutilia shaka, hautoi hukumu.

Hukumu hutafutwa kwa kutoboa: nyundo ya kilo 63.5 huangushwa kutoka sentimeta 76, na mapigo ya kushindilia bomba sentimeta 30 huhesabiwa. Mapigo machache katika mchanga wenye maji ni habari mbaya.

Kwa hiyo kontrakta akituambia kwamba mashine imekwisha kupitisha kiwanja cha bondeni, tumwulize nyundo ilihesabu mapigo mangapi, na maji yalikutwa mita ngapi chini.