Mgongo wa Mtu wa Ziwani (2): Si kila kiuno kinachouma kimeumizwa na mzigo

Katika sehemu ya kwanza tulizungumzia mifupa. Leo tunaingia ndani ya mifupa hiyo, inamopita mishipa ya fahamu, ili tuone kwa nini watu watatu wa Butimba, Mwanza, wanaweza kulalamikia kiuno kilekile huku kila mmoja akiwa na ugonjwa wake.

Tukumbushane kwanza. Mtu huzaliwa na pingili 33: 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno. Tano zinazofuata huungana ukubwani kuwa mfupa mmoja mpana katikati ya nyonga, na nne za mwisho hufanya kifandugu. Kila pingili ina tundu kwa nyuma, na matundu hayo yakipangana hufanya mfereji. Ndani ya mfereji huo hushuka ugwe wa mgongo, kamba laini ya fahamu yenye urefu wa sentimita 45 hivi, ikichipusha jozi 31 za mishipa kwenda mikononi, kifuani, tumboni na miguuni.

Ugwe huo haufiki chini kabisa. Kwa mtu mzima hukomea kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Kuanzia hapo huning'inia mizizi ya mishipa peke yake, fungu ambalo madaktari huliita mkia wa farasi. Ndiyo maana daktari anayetaka kupima maji ya uti wa mgongo huchoma sindano chini ya kiwango hicho, na hofu iliyoenea mitaani kwamba sindano hiyo hupoozesha haina msingi.

Kila mshipa una eneo lake. Mshipa wa tano wa kiuno huinua kidole gumba cha mguu. Ule unaoufuata hukuwezesha kusimama kwa ncha za vidole. Mishipa ya chini zaidi hutawala kibofu, haja kubwa na hisia za sehemu za siri. Kwa hiyo daktari anayekuuliza habari za vidole na mkojo, wakati wewe umekuja kwa ajili ya kiuno, hajapotea njia. Anatafuta ni mshipa gani ulioguswa.

Mgonjwa wetu wa kwanza ni kuli anayebeba magunia ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Kati ya pingili na pingili kuna diski, yenye ukingo mgumu na kiini laini. Kuinama na kunyanyua mzigo huku umejipinda huukandamiza ukingo huo mpaka kiini kitokeze nyuma na kuubana mzizi wa mshipa. Mwaka 1934, William Mixter na Joseph Barr wa Boston, Marekani, ndio walioeleza wazi kwamba diski iliyotokeza huweza kuleta maumivu yanayoshuka mguuni. Mara nyingi huwa ni moja ya diski mbili za chini kabisa, na maumivu hupita tako, hushuka mguu mmoja na kuvuka goti. Wengi hupata nafuu baada ya wiki kadhaa bila kupasuliwa, na kutembea kidogo kidogo huwasaidia kuliko kulala kitandani mchana kutwa.

Wa pili ana kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho Percivall Pott wa London alikieleza mwaka 1779. Vimelea husafiri kwa damu, hutafuna sehemu ya mbele ya pingili, pingili hubomoka na kibiongo hujitokeza. Usaha au mfupa uliovunjika ukiukandamiza ugwe, miguu hulegea. Huu ni ugonjwa wa miezi: mtu hukonda, hutoka jasho usiku, na huenda asikohoe hata siku moja. Dawa zake hutolewa bure nchini, lakini kwa mifupa matibabu huwa marefu kuliko ya mapafu.

Wa tatu ndiye wa ziwani hasa, naye husahaulika zaidi. Amekuwa akishuka majini tangu utotoni, kuvua, kufua au kuoga. Kichocho kinachotawala ufukwe wa Ziwa Victoria ni kile cha tumbo, wala si kile cha kibofu kinachopatikana zaidi kwenye malambo na majaruba ya mpunga bara ya ziwa. Kwa hiyo mvuvi asiyeona damu kwenye mkojo hujiona salama. Kumbe vimelea waliotoka kwenye konokono walishapenya ngozi yake, wakakomaa na kuweka makao katika vena za utumbo, na wanaweza kuishi humo miaka mingi wakitaga mayai.

Mayai hayo hufikaje mgongoni? Mwaka 1940 Oscar Batson, mwanaanatomia wa Marekani, alionyesha kuwa vena zinazouzunguka uti wa mgongo hazina vali. Mtu akikohoa, akijikamua chooni au akinyanyua mtumbwi, damu ya nyonga na tumbo huweza kurudi nyuma na kuingia humo. Yai likinasa karibu na ncha ya ugwe, mwili hulishambulia, na uvimbe wa mashambulizi hayo ndio unaoharibu. Kiuno huuma, ganzi hufuata, miguu yote miwili hulegea na mkojo hufunga. Yote hayo huweza kutokea ndani ya siku au wiki chache, na kwa kijana mwenye nguvu zake. Kipimo cha choo huweza kukosa mayai, hivyo historia ya ziwani ni lazima itajwe. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, pamoja na dawa za kutuliza uvimbe za jamii ya steroidi zikiwahi, wengi hurudi kutembea. Zikichelewa, kilema hubaki.

Kampeni za dawa za kichocho zimelenga zaidi wanafunzi. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba panapoenea kichocho, watu wazima nao wapewe, na watoto kuanzia miaka miwili. Chanzo cha maji cha Butimba, chenye uwezo wa lita milioni 48 kwa siku, nacho ni kinga: anayeogea maji ya bomba hana haja ya kushuka ufukweni na ndoo.

Ndugu msomaji, kiuno kikiuma baada ya kazi nzito, kipumzishe na mizigo, ila endelea kutembea kidogo kidogo. Lakini miguu ikilegea, ganzi ikishika sehemu za siri au mkojo ukifunga, usikubali kuchuliwa wala kusubiri wiki iishe. Nenda siku hiyohiyo Hospitali ya Wilaya ya Nyamagana pale Butimba, au Bugando ukipewa rufaa, na useme mwenyewe kwamba wewe ni mtu wa ziwani hata kama hukuulizwa.

Sehemu ya tatu itahusu watoto wanaozaliwa na mgongo wazi.